Mgongo Hauumi

Kila Jumatano Boke alianza na chai. Alijaza chupa, akapanga mabenchi ya ukumbi wa kanisa pale Nyangoto, kisha akatundika pazia kwenye kona. Nyuma ya pazia hilo ndipo alipomuuliza kila mgonjwa mpya, peke yake, kama anaumwa na anaumwa vipi. Utafiti aliokuwa akiufanya na wenzake ulihusu maumivu yanayobaki mwilini hata jeraha likishapona, na namna woga, aibu na kunyamaza vinavyoyalisha. Bila pazia hakuna jibu. Mwanaume wa Kikurya aliyesimama jandoni bila kupepesa macho hawezi kukiri mbele ya wenzake kwamba mgongo unamshinda.

Alikuwa ameshika kamba ya pazia aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi humu."

Hakuhitaji kugeuka. Sauti hiyo iliwahi kumwambia kwenye simu, "Toroka, nitakuoa hivyo hivyo." Wakati huo Boke alikuwa binti wa Itiryo aliyepangiwa siku ya kukeketwa. Akatoroka. Hazikupita siku nyingi, mwenye sauti, Mogesi, akasimama kwenye kikao cha wazee akasema mwanamke anayeogopa maumivu hawezi kukaa kwake. Wazee wakacheka. Ng'ombe wa mahari wakapelekwa kwa binti mwingine. Kicheko kile kilimfikia Boke kwenye nyumba salama, kikamfuata mpaka chuoni.

Sasa Mogesi alikuwa ameegemea fimbo. Kifusi cha duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kilikuwa kimemwangukia. Mifupa ikaunga, picha za eksirei hazikuonyesha kitu, lakini hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Nyuma yake waliingia wagonjwa wa zamani, wengi wao wa rika lake, pamoja na baba yake mdogo, Mzee Heche, aliyecheka kuliko wote siku ile ya kikao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe daktari wa migongo ndiye wewe?"

"Mimi mtafiti tu, baba."

Boke akaitazama kamba. Kisha akalikunja pazia na kulisukuma chini ya benchi.

Alipowaketisha wote, akaeleza sharti kwa ile sauti yake ya chini: asiye na maumivu hapokelewi. Akamgeukia Mogesi.

"Mgongo unakuuma?"

Mogesi aliangalia kona, akaona ukuta mtupu.

"Mwanaume anaulizwa hivyo?" Heche akadakia. "Akisema ndiyo, mletee na kanga ajifunge."

Watu wakacheka.

"Namuuliza yeye, baba."

"Hauumi," Mogesi akasema.

"Sawa. Nakuamini." Boke akaandika. "Basi huu utafiti si wako. Nenda salama."

Fimbo ikagonga sakafu, ikagonga changarawe, ikapotelea barabarani. Boke akamimina chai. Siku nyingi sana hakuwa amekunywa chai tamu namna ile.

Jioni ujumbe ukaingia: "Boke unajua kabisa unauma. Silali. Niandike."

Akajibu: "Nimeandika ulichosema."

Kesho yake Mogesi akapiga, akaomba aje peke yake, hata kwa dakika chache.

"Ulinikana peke yako?" Boke akamuuliza. "Ulisimama kikaoni." Akakata simu.

Athanas, mkuu wa utafiti, alimuuliza imekuwaje mtu wa fimbo kaandikwa hana maumivu. Boke akasema hayo ni maneno yake mwenyewe.

Jumatano iliyofuata Mogesi aliingia watu wakiwa wameshakaa, akasimama katikati.

"Unauma," alisema. "Unauma mpaka nalia. Mke wangu ameondoka. Alikuwa ananifunga viatu, na mimi namtukana."

"Kaa chini," Heche akafoka. "Unatuaibisha."

"Sikai, baba mdogo. Kukaa ndiko kunakouma zaidi."

Mmoja akacheka, lakini hakupata mwenzake.

"Na Boke hakuwa mwoga. Mimi ndiye niliyemwambia atoroke, nikaapa kumuoa. Mwoga nilikuwa mimi. Niliwaogopa ninyi."

Heche akavua kofia, akaanza kuikagua kama aliyeiokota njiani. Mogesi akamgeukia Boke, shati limelowa jasho.

"Nimesema mbele yao wote. Tumelipana? Turudiane?"

Athanas alikuwa amesimama mlangoni. Boke angeitikia kwa kichwa tu na mambo yangeishia hapo, naye akabaki mshindi. Utamu wa wiki iliyopita ulimrudia mara mbili, na safari hii ukamtisha. Akasimama.

"Wenzako wote niliwauliza peke yao. Wewe nilikuuliza mbele ya watu makusudi. Nilijua utasema hauumi. Nilitaka urudi nyumbani na mgongo wako."

"Boke..."

"Athanas atakupokea leo hii, na atakuhudumia yeye. Mimi sitakuhudumia."

"Kwa nini, na nimeshasema yote?"

Sauti ya Boke ilitoka kubwa kuliko walivyowahi kuisikia.

"Kwa sababu nilikupenda, Mogesi, na sitaki upone."