Safu ya Pili Katika Jedwali la Wagonjwa

Mbuke alikufa kwenye kitanda cha sindano, uso umevimba hadi macho yamepotea, vidole bado vimeng'ang'ania shuka. Mumewe, Sayi, mfugaji aliyemleta kutoka Usangu na kumwandikisha mapokezi, alikuwa nje kwenye foleni ya dawa. Mbuke alikuwa amechomwa penisilini, na mwili wake haukuiweza penisilini hata tone.

Inspekta Nusrat wa kitengo cha makosa ya mtandao, Mbeya, alifika katika hospitali hiyo binafsi ya Mwanjelwa akakuta Severina, muuguzi aliyechoma sindano na sasa anailaumu kompyuta, ameshafungwa pingu.

"Ulimuuliza mgonjwa kuhusu mzio?"

"Anajua Kisukuma tu, afande. Na hapa tunaambiwa tusome skrini, tusipoteze muda kuuliza. Iliandika mzio hakuna. Haki ya Mungu tena!"

Nusrat akaigeuza skrini. Ilisomeka waziwazi: Mzio, penisilini.

"Na hii ni nini?"

Severina akaanza kulia kwa sauti. Nyumbani alikuwa na mtoto anayenyonya, na jela ilikuwa inamwita.

"Muongo huyo," alisema Edmund, fundi wa kompyuta wa hospitali, kijana wa Iringa mwenye shati la pasi kali. "Wauguzi wa hapa hawasomi kitu. Mfumo wangu uko sawa, afande."

Hapo hapo Nusrat akamchukia. Maiti haijapoa, huyu anatetea mashine!

"Nifungulie hifadhidata yenyewe."

"Si umeshaona skrini?"

"Nimeiona. Sasa nataka kuona jedwali limejengwaje."

Akakaa, akaandika DESCRIBE wagonjwa. Amri hiyo haitoi habari za mgonjwa yeyote. Inaonyesha muundo tu: safu zilizomo, na kinachojazwa chenyewe mtu asipoandika kitu. Jina. Umri. Mzio. Chini kabisa, mzio2. Na kwenye mzio2 kinachojazwa chenyewe kilikuwa neno moja: 'Hakuna'.

"Hii ya pili ya kazi gani?"

"Majaribio tu."

"Majaribio! Wagonjwa wote wa hospitali wameandikiwa hakuna bila kuulizwa, unaita majaribio?"

Akaandika SHOW GRANTS, akapitia ruhusa za kila akaunti. Wauguzi waliweza kusoma na kujaza, basi. Ruhusa ya kubadili muundo wa jedwali alikuwa nayo mtu mmoja tu, naye alikuwa amesimama nyuma yake anajifuta jasho.

"Asubuhi skrini ilikuwa inasoma mzio2," Nusrat alisema. "Mama wa watu alipokata roho, ukairudisha kwenye mzio. Safu yako ukaisahau."

"Sikuisahau." Edmund alicheka kidogo, cheko la kinyaa. "Polisi mnaangalia skrini mnaondoka. Nani angeangalia muundo?"

"Mbuke alikukosea nini?"

"Nani?"

Maskini Mbuke, muuaji hata jina lake hakulijua.

"Ooh, yule." Akainua mabega. "Mimi shida yangu ni Severina. Nilituma washenga kwao Kilolo. Wajomba zake wakairudisha barua ya posa haijafunguliwa, mtaa mzima ukanicheka, halafu akaenda kuolewa na dereva. Nilitaka aue mtu kwa mkono wake mwenyewe, aishi nalo. Mgonjwa yeyote angefaa."

Nusrat akamfungua Severina, pingu zile zile akamfunga Edmund, akazibana kuliko inavyotakiwa. Severina hakushukuru. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

Nje, Sayi alikuwa amekaa kwenye benchi na kitenge cha mkewe mapajani, anamtazama Edmund akiingizwa kwenye gari la polisi.

"Mama, huyo kijana tulimkosea nini?"

Nusrat alitamani kumdanganya. Hata ugomvi wa malisho ungekuwa afadhali.

"Hamkumkosea kitu, baba. Alikuwa anamwinda mwingine. Mgonjwa yeyote wa leo mwenye mzio angekufa."

Sayi akakunja kitenge, akakikunjua tena.

"Mke wangu alitaka tuje kesho," alisema. "Mimi ndiye nilimlazimisha."