Swali Kabla ya Kidole

Lifti ilikuwa imegoma tena, na ukumbi wa chini wa jengo ulijaa watu wanaonung'unika na kutazama saa. Vidole, kama shangazi yake alivyozoea kumwita, alisimama katikati yao na gauni lake la njano, akijishauri kama apande ngazi. Ghorofa ya nne ndiko shangazi alikokuwa na chumba chake cha tiba ya kubonyeza: kitanda kimoja, pazia jeupe, na ukutani mchoro wa mwili uliojaa nukta. Vidole alikuwa akijifunza kwake, na alikuwa mwoga kupita kiasi.

Mlango wa lifti ukafunguka, akatoka fundi wake na ovaroli lake la buluu, mafuta hadi kwenye nyusi, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Kinauma sana?" Vidole aliropoka.

"Kinapasuka, dada."

"Nipe mkono."

Aliutafuta ule mnofu kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akasita. Shangazi alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: pale usiweke kidole kabla hujauliza, hata mgonjwa awe nani.

"Una mimba?"

Ukumbi mzima uligeuka kuwatazama. Fundi akajitazama tumbo.

"Hapana, dada. Hiki ni chakula tu."

Watu waliangua kicheko. Vidole alitamani ardhi immeze, lakini kabla lifti haijapona, fundi alikuwa ameshapata namba yake ya simu.

Basi ikawa kila jioni simu inalia.

"Mgonjwa wako hapa."

"Anaumwa wapi leo?"

"Kifuani, upande wa kushoto."

"Huko sijafika kwenye masomo."

"Soma haraka, mpenzi. Hali yangu si nzuri."

Vidole alimpenda mpaka akaogopa, kwa sababu hakuwahi kuwa na kitu kizuri namna hiyo cha kupoteza.

Jumapili moja fundi akampeleka kwao. Mama mtu alimkaribisha vizuri, akimpima kuanzia viatu hadi nywele. Mdogo wake fundi, msichana wa chuo, alikuwa amejikunyata kwenye kochi, kichwa kinamgonga.

"Mama, subiri umwone mtaalamu wangu," fundi alijitapa.

Vidole aliushika mkono wa wifi yake. Swali lilikuwa mdomoni. Lakini atamuulizaje binti ambaye hajaolewa, mbele ya mama yake, siku ya kwanza kuingia nyumba ile? Akalimeza. Akabonyeza, tena kwa nguvu, maana alitaka asifiwe. Wifi akauma midomo, kisha akasema amepata nafuu, na mama mtu akatabasamu.

Kesho yake simu ililia mchana.

"Wifi yako yuko hospitali," fundi alisema. Sauti haikuwa ile ya kila siku. "Tumbo linamkata. Kumbe ana mimba, wala hakuna aliyejua. Jana ulimbonyeza wapi?"

Vidole alikata simu, akaizima, akaitumbukiza chini ya mto. Alinawa mikono, akanawa tena, akaikalia. Kila mara hatua za mtu ziliposikika kwenye ngazi, aliwaza: wanakuja kumwambia mtoto hayupo.

"Uliuliza?" shangazi alimuuliza, alipokwisha kusikia yaliyotokea.

Vidole akainamisha kichwa.

"Walionifundisha walikataza," shangazi alisema polepole. "Kama kweli inadhuru, mimi sijui. Ila sitaki kujua kupitia mtoto wa mtu."

Hakumgombeza, na hilo lilimtisha Vidole kuliko matusi.

Siku iliyofuata fundi alipanda ngazi zote hadi chumba cha shangazi, akaingia anahema.

"Umenizimia simu kwa nini?"

"Mtoto..." Hakuweza kumaliza.

"Yupo. Daktari kasikia moyo wake. Anasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, ya tangu wiki iliyopita. Maumivu aliyaficha kama alivyoficha mimba. Swali la wapi ulimbonyeza alikuwa analiuliza daktari, mimi nikakuuliza wewe."

Vidole alilia kwa kwikwi. "Sikumuuliza kwanza. Nilimwonea haya mama yako."



"Ulikosea," fundi alisema. "Na mimi nilikuwa pale, sharti nalijua, sikukukumbusha, nikabaki nakusifia tu."

Akanyoosha mkono. Vidole akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Siwezi tena. Naogopa."

"Hata mimi. Nimeogopa mtoto ataondoka, kisha nikaogopa wewe umeshaondoka. Kichwa hakijaacha kuuma tangu jana. Uliza."

Vidole akaushika ule mkono. "Una mimba?"

"Sina. Sasa zamu yangu." "Utakubali nikuoe?"

Nyuma ya pazia shangazi alikohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua. Vidole aliweka kidole pale pale, taratibu, kama anayegusa kovu lake mwenyewe.

"Nitakubali," alisema. "Lakini kwanza nipeleke hospitali nikamwombe wifi radhi."

"Mama yupo pale kitandani kwake."

Vidole akajifuta uso. "Ndiyo. Mbele ya mama."