Mlezi wa Kilima cha Ng'ambo

Migomba ilining'inia kichwa chini, na hilo halikumtia Eustadia wasiwasi. Jovin, mumewe, alimweleza tangu siku aliyoileta darubini kutoka Murongo, ameipakata kwenye bodaboda kama mtu aliyebeba mgonjwa: ndani ya chombo kile dunia hugeuka, juu huwa chini, wala si ubovu.

"Nyota hazina juu wala chini," alisema. "Ndiyo maana waliotengeneza hawakujisumbua."

Aliichagua mwenyewe. Muuzaji alimsifia nyingine, nyembamba na ndefu, yenye boksi lililojisifu kukuza mara mia kadhaa, lakini miguu yake ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Jovin akachukua hii fupi, yenye mdomo mpana na miguu mitatu mizito. Mdomo mpana hunywa mwanga mwingi, alisema. Kukuza bila mwanga ni kukuza giza. Akamfundisha mkewe aanze na kile kioo cha kuchungulia kinachokuza kidogo, asubiri macho yazoee giza, aanzie kwenye mwezi. Kisha akarudi Murongo kupakia magunia, akamwachia darubini uani na mtoto mgongoni.

Mtoto, Allen, alikuwa na miezi mitano na usingizi hakuujua. Jua likizama tu, alianza kulia, na akilia alilia hata migomba ikasikia. Eustadia aliinamia darubini kwa sababu moja: akiinama na kuyumba hivi, kilio kilipungua kidogo.

Jioni ile anga lilikuwa bado na weupe. Aliona migomba kichwa chini, na chini yake, imepinduka kama dari, rweya ya kilima cha ng'ambo, nyasi tupu pasipo nyumba. Katikati ya nyasi zile alikuwapo mwanamke. Huyo peke yake alisimama wima.

Hapo palikuwa na walakini, lakini Eustadia alikuwa amechoka mno kuufikiria. Aliona tu kwamba mwanamke yule amekunja mikono kifuani, anabembeleza kitu kisichokuwapo.

"Dada," alinong'ona, akijicheka kidogo, "kama mikono yako iko bure, njoo unipokee huyu nilale."

Allen akanyamaza. Papo hapo, kama redio iliyoishiwa betri.

Eustadia alilala mpaka majogoo. Kesho yake pia. Alikuwa amesahau kwamba mwili unaweza kupumzika, na kwa utamu wa usingizi ule hakuuliza umetoka wapi. Lakini asubuhi Allen aligeuza uso mbali na titi, kama mtu aliyeshiba. Kinywani alinuka maziwa, tena si ya mama yake: mazito, yenye moshi, kama yaliyokaa kwenye kibuyu. Akilazwa kitandani aliinua mikono kuelekea boriti, akacheka. Na kila alipofungwa mgongoni alikuwa mwepesi kuliko jana.

Jioni Eustadia alirudi kwenye darubini. Mwanamke hakuwa tena kilimani. Alikuwa bondeni penye kijito. Kesho yake, kwenye mibuni. Ndipo ule walakini ukamfikia, taratibu, kama maji baridi: ikiwa kila kitu humu kimegeuzwa, na huyu anaonekana wima, basi huko nje anatembea kichwa kikiburuza nyasi na miguu ikikanyaga nyota.

Jovin aliporudi alichungulia kwa muda mrefu. "Naona mibuni. Na vumbi la kioo."

"Mtoto hanyonyi, baba Allen."

"Halii pia. Wewe mwenyewe uliomba alale."

"Niliomba," alisema Eustadia. "Ndicho ninachokuambia."

Usiku ule alisikia kwanza sauti ya kubembeleza, ndogo, ya puani, haitoki mlangoni wala dirishani bali juu, kwenye boriti, na harufu ya maziwa ya kibuyu ikashuka ikamfunika uso, na alipopapasa kando akakuta shuka lina joto lakini mtoto hayupo, akainua macho polepole kwa sababu shingo haikutaka, na mwezi uliopenya kwenye tundu la bati ukamwonyesha Allen yuko juu karibu na boriti, ametulia kwa raha kwenye mikono iliyotokeza gizani, na nywele ndefu za aliyemshika zikining'inia hadi karibu kumgusa Eustadia paji la uso.

"Jovin," aliita kwa kunong'ona.

Jovin akageuka. Mtoto alikuwa katikati yao, amelala. Jovin akanusa, akakaa kitako.

"Nani ameleta maziwa humu?"

Hakutaja tena vumbi la kioo. Kulipokucha walikwenda kwa bibi Nyirabageni, mkunga aliyempokea Allen.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leta mtoto." Akampima mkononi, akamnusa kinywa. "Ulimwita?"

"Nilikuwa nimechoka, bibi."

"Kuchoka si kosa. Ulimshukuru?"

"Nani?"

"Aliyekulelea. Hata binti wa jirani akikushikia mtoto, humwachi aende na njaa. Huyu ameitwa, amekuja, amelea, hajapewa sahani wala hajaagwa. Aondokeje?"

"Ni jini?" aliuliza Jovin kwa sauti ya chini.

"Wengine wana jina lake. Mimi simpi. Ukimpa jina atadhani ni wa nyumbani."

Jua lilipozama, Eustadia aliweka ndizi na maharage mwisho wa kibanja, migomba inapoishia, akafunika kwa sahani iliyopinduliwa. Bibi, aliyefuatana nao hadi nyumbani baada ya kuelezwa yote, akamwambia aigeuze darubini, aweke jicho kwenye mdomo mpana, ili wa karibu awe wa mbali. Akachungulia. Mibuni ilikuwa midogo kama mboga, na kati yake yule mwanamke, mdogo kama sisimizi.

"Ahsante, dada," alisema. "Umenilelea. Mtoto nimempokea. Nenda kwenu."

Sisimizi akawa nukta, nukta ikawa hakuna. Mgongoni Allen akaangua kilio, akatafuta titi, akanyonya mpaka likauma. Jovin alifunga darubini ndani ya boksi, akalipandisha juu ya boriti kwa kamba.

Mvua zikaja. Jovin akarudi kwenye magunia yake. Allen akanenepa, akalia kila jioni, na Eustadia akazunguka naye uani, macho yakiwaka kama yaliyotiwa mchanga.

Jioni moja miguu ilimgomea. Akaegemea ukuta. Darubini hakuigusa. Neno hakusema, midomo aliibana kwa makusudi. Aliwaza tu, kwa mwili mzima, laiti angekuwapo mtu wa kumpokea, hata kidogo.

Allen akanyamaza.

Harufu ya maziwa yenye moshi ikashuka kutoka ukingoni mwa bati. Kisha kanga mgongoni ikawa nyepesi.