Nyumba ya Kija Ndani ya Kompyuta

“Nani kakwambia habari ya dirisha?”

Mkono wa Amondi ulibaki juu ya kipanya, macho kwenye kioo cha kompyuta.

“Mwalimu, nakuuliza wewe. Hilo dirisha nani kakwambia?”

“Ngosha, kaa kwanza.”

“Sikai!”

Nilikuwa nimekuja kumposa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wanafunzi wametoka. Mimi Nkwabi, ambaye Amondi huniita Ngosha kama wanaume wote wa Kisukuma, mlinzi wa geti kwenye chuo kimoja cha kompyuta hapa Mwanza, mwaka 1999, nilikuwa nimefua shati na kunyoa ndevu, nimejipa moyo kwamba leo namwambia huyu mwalimu wa Kijaluo kuwa miaka miwili ya kupika peke yangu imetosha. Yeye akaniwahi. “Kabla hujasema unachotaka kusema,” aliniambia, “njoo nikuonyeshe kitu.”

Akafungua ule mchezo wao wa watu, ulioletwa kwenye sidii na Mzungu mmoja wa kujitolea. Unatengeneza watu, unawapa majina. Wanakula, wanalala, wanaoana, wanazaa, wanazeeka, na mashine inakumbuka yote: nani mtoto wa nani, nani aligombana na nani. Nilizoea kuwasikia wanafunzi wakiucheka. Sikujua kama humo ndani nipo na mimi.

“Huyu aliyelala sakafuni ni nani?” nilikuwa nimeuliza mwanzoni.

“Wewe.”

“Mbona nimelala kama mlevi?”

“Huna kazi, umekata tamaa.”

“Hata humo ndani wamenifukuza!”

Tukacheka wote. Kiwanda cha pamba kilichonilea tangu ujana kilifungwa, wakubwa wakatuambia hayo ni mageuzi. Wao hawakugeuzwa chochote, wanazidi kunenepa tu.

Halafu mwanamke akaingia kutoka jikoni, kitambaa kichwani. Jina lake likajiandika juu yake: Kija. Mke wangu. Akatembea mpaka dirishani akasimama, na nje ya dirisha pamepakwa bluu tupu. Maji. Ziwa.

Hapo kicheko kikanikauka.

Nyumba yetu ya Kiseke haina dirisha upande wa ziwani. Mara ya mwisho nilipomwona Kija hospitali nilimwinamia sikioni nikamwambia, ukipona tu natoboa ukuta, nakuwekea dirisha uwe unaliona ziwa ukiwa umelala. Kesho yake nikakuta amekufa. Maneno hayo sijamwambia mtu, hata padri.

“Hakuna aliyeniambia,” Amondi akasema taratibu. “Nilikusikia mwenyewe ukimwambia.”

“Wapi?”

“Kitandani.”

“Kitanda gani?”

“Chetu, mimi na Kija. Wodi ya wanawake tulilala mzungu wa nne. Kichwa chake huku, changu kule miguuni kwake.”

Yule mgonjwa namkumbuka! Vitanda havikutosha, wakalazwa wawili wawili kama kuku kwenye tenga, huku wakubwa wakiumwa jino wanapanda ndege. Kila nilipoingia saa ya kuwaona wagonjwa, mwanamke yule alijifunika kanga gubigubi, ili mtu na mkewe wapate kuongea. Kija alikuwa akiniambia, “Mpe na mwenzangu uji.” Napitisha kikombe chini ya kanga, mkono unatoka unapokea. Uso sikuwahi kuuona.

“Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Mwaka mzima nakupa funguo za darasa mkononi, kumbe mkono ni uleule!”

“Na mimi uso wako sikuujua. Siku ya kwanza ulinizuia pale getini, ‘Dada, jiandikishe kwanza.’ Nusura nianguke. Sauti ile niliijua.”

“Na ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

“Kwa nini?”

Simu ya mezani ikalia. Amondi akapokea. Sauti ya bosi wetu, Josephat, ilikuwa kubwa mpaka nikaisikia nilipo.

“Amondi, wafadhili wanakuja kukagua kesho asubuhi. Ile michezo ya wanafunzi bado imo humo?”

“Imo bosi, lakini naomba—”

“Hakuna lakini. Niko hapo ng'ambo ya barabara, nakuja kuifuta mwenyewe.”

Akakata. Amondi akaanza kupekua droo, akapata disketi, akaichomeka. Kioo kikaandika kitu.

“Imekataa. Hawaenei humu.”

“Waache wafutwe,” nikasema. “Kwani hao ni watu? Kija nimemzika kwa mikono yangu.”

“Ngosha, sikuwaweka kwa kuwachezea. Kija alinisimulia maisha yenu yote pale kitandani. Nilikuwa na homa kali, mambo yakawa yananitoka kichwani, nikaogopa yatapotea. Humu hayakupotea. Na kuna moja wewe hulijui.”

“Lipi tena?”

Akabofya. Chumba cha nyuma kikafunguka. Mtoto wa kike anarukaruka. Suzana.

Suzana ni jina la mama yangu.

“Huyu ni nani?”

“Alikuwa na mimba, Nkwabi.”

Hakuwahi kuniita jina langu kabla ya siku hiyo.

“Unasema?”

“Ilikuwa bado changa. Aliniomba ninyamaze. Alisema ukijua utang'oa hata mabati ya nyumba ukauze upate pesa za matibabu, na yeye hana hakika kama atatoka hai. Akipona atakwambia mwenyewe. Akasema akiwa wa kike, ni Suzana.”

Waliandika malaria, wakanipa maiti, wakaniambia nisaini. Katika makoti meupe yote yale hakuna aliyenitamkia kwamba nazika wawili.

Mle ndani ya kioo mtoto akakimbia, akasimama karibu na mama yake.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Josephat, anatweta.

“Mlinzi! Geti umemwachia nani?”

“Bosi, ngoja kidogo. Huyo hapo ni mke wangu.”

“Nani?”

“Huyo. Na yule ni mtoto wangu.”

Akanitazama, akamtazama Amondi, akaangua kicheko.

“Nyie mmevuta nini? Mashine za wafadhili mmezigeuza nyumba ya mizimu?”

“Bosi, tafadhali, niachie hii nyumba moja tu,” Amondi akasema. “Hata ukitaka kunikata mshahara, nikate.”

“Toka hapo.”

Akakaa yeye. Akabofya mara chache. Kija, Suzana, na mimi niliyelala sakafuni, wote wakaondoka. Josephat akajipangusa mikono kama mtu aliyetoka kuchinja kuku.

“Rudi getini,” akaniambia. Ndivyo walivyo wakubwa. Wakitaka kufuta, hawaulizi ndani kuna nani.

Sikurudi getini. Nilitoka moja kwa moja mpaka barabarani, Amondi nyuma yangu.

“Ngosha, sema kitu. Nitukane basi!”

“Mwaka mzima, Amondi! Nakusimulia habari za mke wangu, unaitikia ‘pole’, unaitikia ‘kumbe’, kama hujui!”

“Ningesema, ungekuja kunitazama mimi au ungekuja kumsikiliza Kija?”

Nikaongeza mwendo, naye akanikimbilia.

“Nilitaka siku moja unione mimi,” akasema, machozi yanamtoka. “Leo umenyoa ndevu, nikajua unakuja kusema nini. Nikaona siwezi kuipokea posa yako huku bado nimejifunika.”

“Baba, mbembeleze mwenzio!” mama mmoja muuza dagaa akapiga kelele. “Ananimwagia machozi kwenye biashara!”

Nikamvuta Amondi pembeni.

“Mama yake Kija yuko hai, Misungwi.”

“Najua. Kija alisema mama yake akicheka hana sauti, mabega tu ndiyo yanatikisika.”

“Kompyuta imefutwa, umebaki wewe. Twende ukamwambie ulichoniambia mimi. Mjukuu alikuwa wake pia.”

“Na posa?”

“Usiniulize posa leo. Leo nimefiwa.”

Kesho yake tukamwachia Josephat wafadhili wake, tukaenda Misungwi, tukamkuta mama mkwe uani kwake, anapukuchua mahindi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mkwe wangu. Huyu ndiye unayetaka kumwoa? Sema tu, usinizungushe.”

“Ana neno lake kwanza, mama.”

Amondi akapiga magoti akasimulia. Kitanda, uji, mimba, jina la mtoto. Hakuacha kitu. Mama mkwe aliendelea kupukuchua, punje zikawa zinamwangukia miguuni badala ya kwenye ungo.

“Alipokufa ulikuwepo?” akauliza.

“Nilikuwepo, mama. Miguu yake ilikuwa mikononi mwangu. Ilipoanza kupoa niliita nesi, hakuja mtu. Nikaendelea kuisugua mpaka kukapambazuka.”

Nikakaa chini pale pale kwenye maganda. Hilo alikuwa hajaniambia. Tangu siku ile nilikuwa nikiamini kwamba mke wangu alikufa peke yake.

Mama mkwe akamshika Amondi mikono yote miwili.

“Nkwabi.”

“Naam, mama.”

“Ng'ombe wa huyu utawapeleka kwao huko Mara. Lakini mmoja utaleta hapa. Aliyemsindikiza mwanangu ni wa nyumba hii, haolewi bila mimi.”

“Mama, hata sijamposa bado.”

“Basi mpose! Nimsubiri nani, serikali?”

Nikamgeukia Amondi. Yale maneno yangu niliyoyapanga yote yalikuwa yamenitoroka.

“Amondi, mimi—”

“Nimekubali,” akasema.