Bastola Ndani ya Gunia la Vitambaa

"Mama Pindo, mbona cherehani yako imenyamaza leo?"

Jirani aliuliza swali hilo akiwa nje ya dirisha, ndoo ya maji mkononi. Lilikuwa swali la ujirani tu. Lakini Mama Pindo aliposikia, moyo ulimpiga paa. Jirani huyo alikuwa askari polisi wa kike. Mtaa mzima ulimwita Afande, hata watoto wadogo.

"Sindano imevunjika," Mama Pindo alijibu.

"Pole, dada. Nikupe moja? Ninazo za akiba."

"Aa, acha tu. Nitashona kesho."

Afande alimtazama kidogo, kisha akaenda zake na maji yake. Mama Pindo alishusha pumzi. Sindano ilikuwa nzima. Ila tangu asubuhi kila alipojaribu kutia uzi, haukuingia tunduni.

Mama Pindo alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Alishonea katika chumba cha mbele. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kila mteja akija kuulizia nguo yake, yeye alijibu, "Imekwisha, bado pindo tu." Mume wake alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu, na uani kwake palikuwa na rundo la mchanga, kwani alikuwa akijenga choo kipya polepole. Walikuwa na binti mmoja wa miaka minne. Walimwita Bobini, kwa kuwa hakutulia, alizunguka siku nzima kama bobini ya cherehani.

Pembeni mwa cherehani palikuwa na gunia la vipande vya vitambaa. Vipande vilivyobaki vilitupwa humo. Hilo ndilo lililokuwa duka la Bobini. Humo alipata nguo za wanasesere wake, mashuka yao na mbeleko zao.

Mama yake alijua hivyo. Baba yake hakujua. Mwanamume huondoka asubuhi na kurudi jioni, hajui kona za nyumba yake.

Asubuhi ya siku ile, Bobini alikuja mbele ya mama yake akitembea kwa maringo. Alikuwa amefunga kitu mgongoni kwa kitambaa cha bluu, kama mama aliyebeba mwana.

"Mama, mtoto wangu huyu ni mzito!"

"Mzito kwa sababu anakula sana," mama alicheka. "Hebu nimwone."

Bobini aligeuka. Mama Pindo aliona chuma cheusi. Aliona mdomo wa bastola umeelekea shingo ya mtoto wake.

Hakupiga kelele. Mungu alimpa utulivu ambao hakujua kama anao.

"Mwanangu, simama hapohapo. Usisogee. Mtoto amelala, tusimwamshe."

Alifungua fundo taratibu. Alikipokea kitu kile kwa vidole vya mikono miwili, kama mtu anayeshika nyoka. Alikirudisha guniani, akaliweka gunia juu ya kabati, mahali mtoto asipofika. Kisha akaketi chini, akalia bila sauti.

Jioni mume alirudi. Mke hakumpa hata maji ya kunawa.

"Baba Bobini, ile nini ndani ya gunia?"

Mwashi alifunga mlango haraka. "Nani amekwambia?"

"Mwanao. Alikuwa ameibeba mgongoni."

Mwashi aliutua chini mfuko wake wa kazi. Kisha akasema, "Si umeona walivyomfanya muuza mitumba? Wezi walivunja mlango wake wakamkata panga. Unataka waje na hapa wanikute na mwiko wa kujengea? Rafiki yangu mmoja wa kazini amenipatia. Ni ya kutulinda."

"Una kibali?"

"Kibali! Mwizi ana kibali?"

"Mtoto angekufa!"

"Asingekufa. Haina kitu ile. Magazini, kile kikasha cha risasi, niliitoa mwenyewe, iko kwenye mfuko wangu wa kazi. Bila magazini ni chuma tu, mke wangu. Ni kama nyundo."

"Basi kesho naitupa chooni."

"Thubutu!"

"Au naitia kwenye kikapu, naipeleka kituoni."

Mwashi alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini. "Ukiipeleka polisi, umenifunga mimi. Utamlea Bobini peke yako. Fikiri."

Mama Pindo alifikiri. Aliomba Mungu, akafikiri tena. Kila alipofumba macho aliiona shingo ya mtoto. Kulipokucha, mume alipokwenda kazini, alichukua kikapu chake cha sokoni. Alikisimamisha chini ya kabati. Alinyoosha mkono kulifikia gunia, kisha akaurudisha. Aliogopa kitu kile, na aliwaogopa polisi vilevile. Mwisho alikiacha kikapu, akamchukua Bobini, akaenda mikono mitupu kubisha kwa Afande.

Afande alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Karibu, dada. Sindano imepatikana?"

"Afande, nina swali. Si langu. Kuna mtu amekuta kitu nyumbani kwake. Kitu... cha kazi yenu."

Afande aliweka pasi kando.

"Mtu huyo ana mtoto?"

Mama Pindo alimvuta Bobini kifuani. Machozi yalijibu.

"Kiko wapi sasa hivi?"

"Juu ya kabati. Ndani ya gunia la vitambaa. Nilitaka kukitia kwenye kikapu nikipeleke kituoni."

"Mungu wangu! Usifanye hivyo kamwe." Afande alimshika mkono. "Sikiliza. Mimi husimama zamu pale getini. Aje mama na kikapu, aingize mkono, atoe bastola. Mimi sijui moyo wake. Naona bastola tu. Nina muda wa kupepesa jicho kuamua. Watu wamekufa namna hiyo, na nia yao ilikuwa njema."

"Basi nikitupe chooni?"

"Ukitupa chooni, watakaokuja kuzibua watakitoa. Ukikifukia, mvua itakifukua, au watoto. Ukimpa rafiki akutunzie, umemhamishia kifo. Silaha haiguswi, haibebwi, haifichwi. Inaachwa palepale ilipo. Watoto wanatolewa. Mtu anakwenda kituoni mikono mitupu, au anapiga simu, anasema iko wapi. Wenye kazi yao wanakuja kuichukua."

"Na mume wangu?"

"Husikilizi redio, dada? Serikali imetoa muda wa kusalimisha silaha. Anayeisalimisha kwa hiari yake ndani ya muda huu hashitakiwi kwa kuwa nayo. Lakini sitakudanganya. Bastola itapimwa. Kama ilitumika kuua au kupora, ataulizwa aliipata wapi. Ni vizuri aseme mwenyewe. Leo jioni nitakuja kuongea naye kama jirani."

Siku ile Bobini alishinda nyumbani kwa Afande, na usiku akalala hukohuko. Jioni Afande alikuja, amevaa nguo za nyumbani. Mwashi alipomwona mlangoni, alimgeukia mkewe kwa macho makali.

"Umeniuza."

"Hakukuuza, shemeji," Afande alisema. "Angetaka kukuuza, lingekuja gari, si mimi na kandambili zangu. Nikae?"

"Kaa, basi. Nyumba ya watu hii, si mahabusu."

Afande alikaa. Mwashi hakungoja.

"Niambie wewe mwenye bunduki ya serikali. Wezi wana silaha. Ninyi mna silaha. Mwananchi ana nini? Tukiwaita, mnafika damu imeshakauka!"

"Kwa muuza mitumba tulichelewa. Ni kweli. Niliona aibu."

Mwashi hakutegemea jibu hilo. Alipunguza sauti. "Sasa je?"

"Sasa nikuulize. Umewahi kuilenga shabaha?"

"Hata siku moja."

"Mimi nilifundishwa miezi mingi, na mpaka leo narudi mazoezini. Na bado nikiishika, jasho linanitoka. Wewe utaamka na usingizi, gizani, mkeo huku, mtoto kule. Utampiga nani? Halafu mwizi akisikia una bastola, haji tena kuiba redio. Anakuja kuiba bastola, na anakuja amejiandaa."

"Lakini ninyi mnapiga watu hata mchana kweupe!"

Mama Pindo alishika shavu. Aliona mumewe amevuka mpaka. Afande hakukasirika.

"Wapo waliofanya hivyo. Sheria inatuambia risasi ni ya mwisho kabisa. Kwanza uongee, uonye. Unapiga pale tu ambapo uhai wa mtu uko hatarini na njia nyingine hakuna. Humpigi mtu kwa sababu anakimbia na redio. Ukimjeruhi, unamtafutia daktari. Na kila risasi iliyotoka unaitolea maelezo. Wapo wenzangu waliovunja sheria hiyo, na watu wakazikwa. Ndiyo maana naiogopa bunduki, shemeji. Yangu na yako pia."

Mwashi alivuta kigoda, akaketi.

"Aliyekupa ana nyingine?" Afande aliuliza.

"Rafiki simtaji," Mwashi alisema. "Kosa ni langu."

"Haya. Na mlango huu tutaulinda kwa kitu gani?"

"Wewe ndiye polisi, sema."

"Na wewe ndiye mwashi. Dirisha la uani halina nondo, tia nondo. Weka komeo la ndani. Taa iwake nje. Kila nyumba iwe na filimbi na namba ya simu ya kituo. Mwizi anapenda nyumba iliyo peke yake."

Mwashi alijikuna kichwa. "Sawa. Waje kesho waichukue. Lakini wataona wenyewe ni tupu. Mnatishika bure, ninyi wanawake."

Asubuhi gari la polisi lilisimama nje. Afande alikuwa amewafundisha vya kufanya. Mlango uwe wazi. Mtoto asiwepo. Wao wasimame mahali pa kuonekana, mikono mitupu. Wasikimbie. Wasiguse kitu.

Bobini alipelekwa kwa bibi wa nyumba ya tatu. Afande aliingia na askari wawili. Mmoja alikuwa mzee kidogo. Mwingine alikuwa kijana, bunduki ndefu begani, mtutu ukielekea chini.

"Habari za asubuhi," mzee alisema. "Silaha iko wapi?"

"Iko humu," Mwashi alijibu. Akasahau yote. Aligeuka haraka, akanyoosha mkono juu ya kabati. "Ngoja niwape."

"Simama!"

Bunduki ya kijana ilikuwa imeinuka.

"Simama hapo! Mikono nione!"

Mama Pindo aliona mdomo wa bunduki umeelekea mgongo wa mume wake. Alitaka kumrukia. Akakumbuka onyo la Afande: wasikimbie. Midomo yake ilimwita Mungu bila sauti.

"Shemeji," Afande alisema polepole, kama anayembembeleza mtoto. "Usigeuke. Usishike kitu. Toa mkono kabatini, mtupu. Hivyo hivyo. Inua yote miwili. Sasa rudi nyuma, hatua kwa hatua. Njoo kwangu."

Mwashi alirudi nyuma.  Kijana alishusha bunduki. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Mzee wangu," alimwambia Mwashi kwa sauti iliyokauka, "tafadhali usinifanyie hivyo tena. Mimi nina mtoto wa mwezi mmoja."

"Umeona kidole chake?" Afande alimuuliza Mwashi. "Kilikuwa nje ya kifyatulio. Ameonya, amengoja. Angekuwa mwoga zaidi, tungekuwa tunalia sasa hivi."

Mwashi aliketi kwenye kigoda cha mkewe. Kisha akasema, "Na yote hii kwa ajili ya chuma kitupu. Magazini hii hapa kwenye mfuko ule. Bastola haina kitu."

Askari mzee aliuchukua mfuko. Aliteremsha gunia kwa uangalifu, akachungulia ndani.

"Kaeni humu humu," alisema. "Asitoke mtu kwenda uani."

Alitoka na gunia. Kupitia mlango wa nyuma walimwona akienda kwenye rundo la mchanga. Alipiga goti, mdomo wa bastola ukaelekea mchangani. Alivuta chuma cha juu ya bastola nyuma, kra! Kitu kidogo kiliruka pembeni. Akakiokota.

Aliporudi, alifungua kiganja chake mbele ya Mwashi. Humo mlikuwa na risasi moja, inang'aa kama pete.

"Magazini ukiitoa, ile risasi iliyokwisha kupanda juu haitoki," alisema. "Inabaki ndani, mlangoni mwa mtutu. Inasubiri kidole chochote. Hata kidogo."

Mama Pindo alijishika shingo. Alifungua mdomo kumshukuru Mungu, na maneno yote aliyoyajua tangu utotoni yakampotea. Afande alimkumbatia.

Mwashi aliitazama risasi.  Midomo yake ilikuwa myeupe, kana kwamba amekula chokaa.

"Aliyekupa alikwambia ukitoa magazini inabaki tupu?" mzee aliuliza.

"Ndiyo. Na mimi niliamini."

"Nasi hatukufungi. Umeisalimisha, tutaandika hivyo. Leo leo utarudi nyumbani kwako. Lakini nikuulize kama baba kwa baba. Huyo rafiki yako, nyumba ngapi amezipelekea?"

Nje, sauti ya Bobini ilisikika kwa bibi wa nyumba ya tatu. Alikuwa anacheka na watoto wenzake.

Mwashi alisimama. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba za kimoja, cha pili akakiacha. Alimpita mkewe, akampita Afande, akatoka mlangoni. Alifungua mlango wa gari la polisi mwenyewe, akaingia, akaketi kungoja waanze kuandika jina alilokuwa amekataa kulitaja.