Fundi Hakutoa Futi

— Mpenzi, turudi garini basi. Kamji kenyewe maduka matatu, umeshayaona.

— Nimeona mawili tu, la mikate na la vyungu. Bado lile la fundi cherehani, lenye mlango wa bluu. Kamji katamu hivi, haraka ya nini?

Binti, aliyekuwa akihimiza warudi, akashtuka. Bwana alikata kona baada ya kuona kibao cha kamji barabarani, na yeye akakosa uongo wa kumzuia. Sasa akabaki nyuma hatua mbili, akaandika upesi:

"Mama nakuja dukani na mchumba. Jifanye hunijui. Nakuomba sana. Nitakueleza."

Mle dukani simu ikalia juu ya cherehani. Fundi, mama wa makamo, akaisoma, akaisoma tena, akaifunika.

— Karibuni, wateja.

— Shikamoo, mama! Tunataka kushona nguo za harusi.

— Marahaba, baba. Hongereni. Wazazi wote wapo?

— Wangu wapo. Wa mwenzangu, mama yake alishafariki.

Mkasi ukamponyoka fundi.

— Poleni, alisema. Poleni sana.

Loo, aibu gani ile! Binti hakujua aweke wapi uso. Fundi akampima bwana kwa futi, bega, kifua, kiuno. Kisha akairudisha futi mfukoni, akaandika vipimo vya binti bila hata kumtazama.

— Mama, mbona mwenzangu hujampima?

— Huyu simpimi. Bega la kushoto limeshuka, alianguka hapo kizingitini akiwa na miaka sita...

Fundi akajiziba mdomo. Alichelewa, neno lilishatoka. Bwana akamgeukia mchumba wake.

— Amejuaje?

— Ni mama yangu, binti akalia. Kwenu kila mtu ana ofisi. Niliona aibu kusema mama yangu anatia viraka suruali za watu.

— Ukaona bora umzike? Na mimi nikifukuzwa kazi, utaniua kwa ugonjwa gani?

Binti akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa.

— Mama, nisamehe. Nimekukosea vibaya mno.

Fundi akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

— Mkwe, vuta kiti ukae. Mimi marehemu sina ugomvi na mtu.

Bwana akacheka bila kutaka, machozi yanamlenga.

— Harusi ipo, mama. Ila kadi zitaanza na jina lako.

Fundi akavikata kwa kalamu vipimo vya binti alivyoandika, akatoa futi.

— Inuka, mwanangu, nikupime. Nilidhani nakujua.