Dole Gumba la Mzee Alute

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi. Simu ya Evodia ilitetemeka mara mbili: ujumbe wa Chediel, mwenzake kazini.

"Mzinga unafungwa saa nne."

Basi.

Evodia, ofisa wa ujasusi, alielewa. Saa nne jalada la ombi la uraia la Isaka lingeondoka Singida kwenda wizarani. Likishaondoka, waliomteka Isaka wasingekuwa na haja naye tena.

Aliikanyagia Hilux mafuta.

Isaka, mrina asali wa Mandewa, alikuwa na siku nane hajulikani alipo. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaishi hapa miaka thelathini. Ada alilipa mwenyewe benki. Tangazo lake lilitoka gazetini, wala hakuna aliyempinga. Kosa lake lilikuwa moja: alimkabidhi kishoka, dalali asiye rasmi, karatasi zote, apate kuharakishiwa.

Kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji aliketi mwanamume mnene aliyejiita Isaka. Evodia alimtambua: mlanguzi wa dhahabu, aliyeuziwa karatasi hizo na kishoka.

Evodia aliingia masijala, akafungua jalada. Risiti halali. Picha mpya, ya yule mnene. Barua ya mtaa, yenye dole gumba la mwenyekiti.

Alimpigia simu mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee Alute."

"Marahaba, mwanangu."

"Barua ya Isaka uliitia dole gumba?"

"Dole? Mimi? Tangu nihitimu kisomo cha watu wazima mwaka juzi natia sahihi hata kwenye mifuko ya mbolea! Mke wangu ananificha kalamu."

Evodia hakucheka. Waghushi walikuwa wamenakili barua ya zamani.

Angeweza kumfunga pingu mnene yule palepale. Lakini pingu zisingemwonyesha Isaka alipo.

Alikaa mezani kama karani.

"Ndugu Isaka, jalada limekwama. Jina la mama yako na mwaka uliovuka mpaka havisomeki."

Mlanguzi aliinuka. "Ngoja nikumbuke."

Akatoka nje na simu yake. Simu hiyo ilikuwa imetegwa; sauti yake ikanong'ona kwenye kisikizi sikioni mwa Evodia:

"Msimmalize bado! Muulizeni jina la mama yake!"

Kwenye kioo cha simu ya Evodia nukta nyekundu iliwaka, pale walipo waliopigiwa. Sekenke. Shimo la zamani la dhahabu.

"Chediel, umeona?" alinong'ona redioni.

"Nimeona. Vijana wako karibu. Dakika saba."

Zilikuwa ndefu.

Mlanguzi alirudi akitabasamu. "Mama yangu aliitwa Felista. Nilivuka mwaka tisini na nne."

"Isaka amejibu vizuri," alisema Evodia. "Sasa weka mikono mezani."

Mkono wa mlanguzi ulikimbilia kiunoni. Mdomo wa Glock, bastola ya Evodia, ulikuwa tayari umegusa mbavu zake.

"Jaribu."

Hakujaribu.

Redio ilikoroma. "Tumempata. Anapumua. Magoti wameyavunja kwa nyundo. Huyu hapandi mti tena."

Nje, Luciana, mke wa Isaka, alisimama na khanga mdomoni.

"Yuko hai, mama," Evodia alimwambia. "Wamemvunja miguu."

Luciana aliishusha khanga. "Na uraia wake?"

"Jalada limeghushiwa. Ombi linaanza upya."

"Upya?"

"Upya, mama. Safari hii nendeni wenyewe."

Evodia alivaa miwani yake myeusi, akaiendea Hilux bila kugeuka.

Nawe uliyeweza kusoma haya, msomee jirani ambaye bado hajaweza: karatasi za uraia hazikabidhiwi kishoka.